Nani Ana Ufunguo wa Mnara? Historia ya Chama cha Wapiga Kengele wa Devon

Utangulizi

Katika hadithi ya panya na paka, panya wote walikubaliana kwamba paka afungwe kengele, kisha likabaki swali moja: nani atamfunga? Insha hii ina swali la jirani. Kengele ikishafungwa mahali pake, nani ana haki ya kuipiga?

Mhadhiri wetu wa historia alitupa kazi ya kuchunguza chama kimoja cha kijamii kilichoanzishwa katika karne ya 19. Wenzangu walichagua vyama vya ushirika, vyama vya wafanyakazi na vilabu vya mpira. Mimi nilichagua chama cha wapiga kengele wa makanisa katika kaunti ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Darasa lilicheka. Mmoja aliuliza kama kengele nazo zina historia. Nilicheka pamoja nao, lakini nilikuwa na sababu yangu, na sababu hiyo ni Babu.

Kijijini kwetu, magharibi mwa Uganda, kanisa halina mnara. Lina mwembe, na kwenye tawi la mwembe inaning'inia rimu ya gurudumu la lori. Ndani ya stoo kuna ngoma mbili. Kwa miaka mingi Babu ndiye aliyepiga rimu hiyo kwa kipande cha nondo, na ngoma kwa mikono yake. Sisi watoto tulijua kusikiliza. Mapigo ya haraka yenye kituo yaliita watu ibadani. Pigo moja moja, la polepole, lilitangaza msiba. Mapigo mfululizo yasiyopumua yalimaanisha moto au mwizi. Nilipokuwa darasa la tano, Babu alifika kanisani Jumapili moja akinuka tonto, na haikuwa mara ya kwanza. Wazee wa kanisa walimnyang'anya ufunguo wa stoo. Baada ya miezi michache kilinunuliwa kipaza sauti, na kuanzia hapo tuliitwa na kengele iliyorekodiwa.

Niliposoma habari za Devon nilishangaa kukuta kisa cha Babu kimeshatokea huko miaka 200 iliyopita. Katika insha hii ninajenga hoja kwamba chama cha wapiga kengele cha Devon kilizaliwa katika ugomvi juu ya mambo mawili: nani aingie mnarani, na upigaji upi uhesabiwe kuwa mzuri. Nitaeleza kwanza jinsi kengele hizo zinavyopigwa, kisha mgogoro uliokuwapo kabla ya chama, kuundwa kwake, watu waliobaki nje, na mwisho nitarudi chini ya mwembe wetu.

Jinsi kengele za Kiingereza zinavyopigwa

Msomaji aliyezoea kengele moja ya kanisa anahitaji maelezo kidogo hapa. Mnara wa Kiingereza mara nyingi una kengele 5, 6, 8 au hata 12, na kila kengele ina mpigaji wake. Kengele hufungwa kwenye gurudumu kubwa la mbao, na kamba hupita kwenye gurudumu hilo kushuka hadi chumba cha wapigaji. Kabla ya kuanza, kengele huinuliwa mpaka mdomo wake utazame juu. Mpigaji akivuta kamba, kengele huzunguka mzunguko mzima, hulia mara moja, kisha husimama tena mdomo juu. Kila mvuto ni mlio mmoja.

Kwa sababu kengele ni nzito, mpigaji hawezi kuiharakisha sana wala kuichelewesha sana. Kengele kubwa kabisa ya seti ya Kanisa Kuu la Exeter, ambalo ndilo kanisa kuu la Devon, ina uzito wa zaidi ya tani 3 na nusu. Mtu hashindani na chuma cha namna hiyo kwa misuli. Anachoweza kufanya ni kuishikilia nukta moja zaidi pale juu, au kuirudisha mapema kidogo. Hivyo kengele inaweza kubadilishana nafasi na jirani yake tu. Kutokana na kizuizi hicho Waingereza walibuni sanaa nzima. Hawapigi wimbo. Wanapiga mpangilio wa namba.

Chukua kengele 4. Mstari wa kwanza ni 1234. Majirani wakibadilishana tunapata 2143, kisha 2413, kisha 4231, kisha 4321, na kuendelea mpaka turudi 1234. Kengele 4 zina mipangilio 24 isiyojirudia, 5 zina 120, 6 zina 720, 7 zina 5,040 na 8 zina 40,320. Kupiga mistari 5,040 bila kurudia hata mmoja huchukua takriban saa 3, na hakuna anayeruhusiwa kusoma kwenye karatasi. Mwaka 1963, huko Loughborough, watu 8 walipiga mipangilio yote 40,320 kwa saa 17 na dakika 58, bila kubadilishana zamu. Kidole kimoja hakivunji chawa: akichoka mmoja, kazi ya wote inaharibika.

Sanaa hii ilikua katika karne ya 17. Chama cha London kiitwacho Ancient Society of College Youths kinahesabu mwanzo wake tangu 1637. Mwaka 1668 kilitoka kitabu cha kwanza cha sanaa hiyo, Tintinnalogia, na mwaka 1677 Fabian Stedman akatoa Campanalogia. Vyama vya wakati huo vilikuwa vya mji mmoja au mnara mmoja. Chama cha kuunganisha minara ya eneo zima kilikuwa bado hakijafikiriwa.

Mnara kabla ya chama

Mwanzoni mwa karne ya 19, wapiga kengele wa vijijini walikuwa watu wa kazi za mikono: maseremala, wahunzi, vibarua wa mashambani. Walipiga kengele Jumapili, lakini pia walizipiga kwa harusi, uchaguzi, ushindi wa vita na tarehe 5 Novemba, siku ya kukumbuka njama ya kulipua Bunge mwaka 1605. Kwa shughuli hizo walilipwa pesa au pombe. Yako makanisa ambayo hadi leo yamehifadhi magudulia makubwa ya udongo ambayo wapigaji waliyatumia kunywea bia mnarani. Devon ilikuwa pia na mashindano, ambapo minara ilishindania kofia au pesa, na mara nyingi mwenye kilabu cha pombe ndiye aliyeyaandaa kwa sababu alijua wateja watafurika.

Makasisi wengi waliliona jambo hili kuwa aibu. Walilalamika kwamba wapigaji walikunywa, walitukana, na baada ya kuwaita watu ibadani wao wenyewe waliteremka ngazi na kwenda zao kabla sala haijaanza.

Hapa mwanafunzi wa historia lazima ajiulize: ni nani aliyeandika hayo? Sehemu kubwa ya habari za wapigaji walevi tumeachiwa na makasisi waliotaka kuwarekebisha. Wapigaji wenyewe hawakuandika vitabu. Hata hivyo waliacha jambo moja ukutani. Katika minara kadhaa ya Devon na kaunti jirani ya Cornwall kuna mbao zilizoandikwa kanuni kwa mashairi. Aliyepiga akiwa amevaa kofia au njumu za farasi alitozwa faini, aliyetukana alitozwa, na aliyepindua kengele alitozwa pia. Watu hao hawakuwa kundi lisilo na sheria. Walikuwa na sheria zao, na mwamuzi alikuwa mpigaji mwenzao. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililowaudhi zaidi makasisi. Pombe ilikuwa tatizo la kweli, lakini tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwamba ndani ya jengo la kanisa kulikuwa na chumba ambacho kasisi hakukitawala.

Kasisi na mashine yake

Mtu wa kutazamwa hapa ni Kasisi Henry Thomas Ellacombe, aliyezaliwa 1790 na kufariki 1885. Kabla ya kuwa kasisi alijifunza uhandisi katika karakana za meli za Chatham, na ujuzi huo haukumtoka. Mwaka 1821, akihudumu Bitton katika kaunti ya Gloucestershire, alibuni mtambo wa kupigia kengele. Kengele hutulia bila kuzunguka, kila moja huwekewa nyundo, na kamba za nyundo zote hushushwa hadi kwenye fremu moja ukutani. Mtu mmoja akisimama mbele ya fremu anaweza kuzipiga zote peke yake.

Mtambo huo unajulikana mpaka leo kwa jina lake. Faida yake kwa kasisi ilikuwa wazi. Badala ya kubembeleza watu 6 wasiotii, alihitaji mmoja mtiifu. Lakini sauti haikuwa ile ile. Kengele inayozunguka hutupa mlio wake nje ya mnara kwa nguvu, na ile inayogongwa kwa nyundo ikiwa imetulia hulia kwa unyonge. Isitoshe, kupiga mipangilio migumu peke yako kwa kamba nyingi kunahitaji ufundi ambao watu wachache wanao. Minara mingi iliyofunga mtambo huo iliuacha baadaye.

Nilipofika hapa katika usomaji wangu nilifunga kitabu. Kipaza sauti cha kanisa letu na fremu ya Ellacombe ni ndugu. Vyote viwili havikuletwa kwa sababu kengele ilikuwa imeharibika. Vililetwa kwa sababu mpigaji alikuwa msumbufu.

Kuundwa kwa chama, 1874

Kinachonivutia kwa Ellacombe ni kwamba hakuishia kwenye mashine. Mwaka 1850 alihamia Devon, katika parokia ya Clyst St George, na huko aliendelea kuchunguza kengele kwa miaka mingi. Mwaka 1872 alichapisha kitabu kuhusu kengele za makanisa ya Devon. Mtu hawezi kuandika kitabu cha namna hiyo bila kupanda minara mingi, na mtu anayepanda minara hukutana na wapigaji.

Wakati huo huo, huko Huntsham, mwenye ardhi aitwaye Charles Arthur Williams Troyte alikuwa ameivamia sanaa hii kwa moyo wote. Mwaka 1869 alitoa kitabu cha kufundisha upigaji wa mipangilio. Kuingia kwa mtu wa tabaka lake kulibadilisha mambo. Kazi iliyodharauliwa kuwa ya vibarua ilianza kuonekana kuwa elimu inayofaa hata kwa mabwana.

Katika mazingira hayo, mwaka 1874, kiliundwa chama kinachoitwa Guild of Devonshire Ringers. Ndicho chama cha kwanza nchini Uingereza kuunganisha wapiga kengele wa kaunti nzima. Malengo yake yalikuwa kuwafanya wapigaji watambuliwe kuwa watumishi wa kanisa, kuleta nidhamu mnarani, na kueneza upigaji wa mipangilio kwa mafunzo. Wengine waliiga haraka: Yorkshire mwaka 1875, Norwich mwaka 1877, Kent mwaka 1880. Mwaka 1891 vyama hivyo vilipata baraza kuu la kitaifa, na rais wake wa kwanza alikuwa Sir Arthur Heywood.

Tukilinganisha njia hizi mbili, tofauti inaonekana. Mashine ya 1821 ilitatua tatizo la wapigaji kwa kuwaondoa wapigaji. Chama cha 1874 kilijaribu kulitatua kwa kuwafundisha. Njia ya kwanza ni rahisi, na matunda yake huonekana Jumapili ijayo. Njia ya pili inahitaji miaka, mikutano, walimu na uvumilivu. Lakini ni hiyo ya pili iliyozaa watu ambao wajukuu wao bado wanavuta kamba leo.

Waliobaki nje

Ningekosea kama ningekisifu chama hiki bila kutaja aliowaacha mlangoni. Chama kilipenda upigaji wa kisayansi, ule wa namba zilizokaririwa, na kilichukia mashindano ya zawadi. Lakini wapigaji wengi wa Devon walikuwa na utamaduni tofauti. Wao hupiga kwa kuitwa: kiongozi hutamka badiliko moja, kengele zikabadilishana, kisha mstari ule ule hurudiwa mara nyingi mpaka atamke lingine. Kwa anayehesabu mistari, jambo hili linaonekana dogo. Kwa anayesikiliza, si dogo hata kidogo. Kwa kuwa mpigaji hasumbuki kukumbuka namba, akili yake yote iko kwenye nafasi kati ya mlio na mlio, na nafasi hizo zinatakiwa kulingana kama shanga kwenye uzi. Katika mashindano yao waamuzi husikiliza tangu kengele zinapoinuliwa hadi zinaposhushwa, na huhesabu kila kosa.

Watu hawa hawakutaka kuambiwa kwamba wanachokifanya ni ujinga. Mwaka 1925 waliunda chama chao wenyewe, Devon Association of Ringers, na mashindano yao yanaendelea mpaka sasa. Hivyo kaunti moja ina vyama viwili, na leo wapo wanaopiga katika vyote viwili. Funzo ninalolipata ni kwamba mrekebishaji anaweza kuwa na haki kuhusu pombe na akakosea kuhusu sanaa. Aliyeleta nidhamu alileta pia dharau.

Wanawake nao walisubiri. Kwa muda mrefu mnara ulihesabiwa kuwa mahali pa wanaume. Mwaka 1896, huko Basingstoke, Alice White alikuwa mwanamke wa kwanza kushiriki upigaji kamili wa zaidi ya mistari 5,000. Mwaka 1912 wanawake waliunda chama chao cha kitaifa, Ladies' Guild. Aliyeambiwa kwamba kengele ni nzito mno kwake alijibu kwa kuipiga.

Vita na ukimya

Vita Kuu ya Kwanza iliua wapiga kengele wapatao 1,400 wa Uingereza. Mwaka 2018, miaka 100 baada ya vita hivyo kumalizika, kulifanyika kampeni ya kutafuta wanafunzi wapya 1,400 wa kushika kamba zao. Katika Vita Kuu ya Pili jambo lilikuwa tofauti. Kuanzia Juni 1940 serikali ilipiga marufuku kengele za makanisa, zikabaki kuwa ishara ya kutangaza tu kwamba adui ameshuka nchini. Mwezi Mei 1942 Exeter ilipigwa mabomu na kanisa lake kuu likajeruhiwa, huku kengele zake zikiwa zimenyamazishwa. Tarehe 15 Novemba mwaka huo kengele ziliruhusiwa kulia kwa ajili ya ushindi wa El Alamein, na mwaka 1943 marufuku iliondolewa.

Jambo hili linatufundisha kitu kuhusu lugha ya kengele. Sauti ile ile ya ibada iligeuzwa kuwa sauti ya hatari. Pwani yetu ya Afrika Mashariki inalijua hilo. Mombasa kuna mahali paitwapo Kengeleni, jina lililotokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na Church Missionary Society katika miaka ya 1870. Kengele ile inakumbukwa kwa kuwaonya wakazi pale wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia. Kengele haina maana yake yenyewe. Maana imo katika makubaliano kati ya anayepiga na wanaosikia.

Hitimisho

Nirudi chini ya mwembe. Mwaka jana nilikuwa nyumbani siku ya Pasaka na umeme ulikatika tangu usiku. Kipaza sauti kilinyamaza. Mzee mmoja wa kanisa alimtuma mvulana akagonge rimu. Mvulana aligonga kwa bidii, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha. Aligonga pigo moja, akapumzika, akagonga jingine. Baada ya nusu saa watu walifika kanisani, wengine wakiwa wamejifunga khanga za matanga, wakiuliza nani amefariki.

Wengi walicheka. Babu, aliyekuwa ameketi benchi la nyuma, hakucheka. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakumfundisha yule mtoto, alijibu kwamba hakuna aliyemwomba.

Simtetei Babu kuhusu tonto. Wazee wa kanisa walikuwa na haki ya kukasirika, kama makasisi wa Devon walivyokuwa nayo. Ninachosema ni kwamba walichagua njia ya 1821. Walimwondoa mtu bila kuuliza alikuwa amebeba nini, na alichobeba kilikuwa lugha ya kijiji kizima. Devon walikuwa na bahati kwamba baada ya mashine kilikuja chama, na baada ya chama kilikuja chama kingine cha waliodharauliwa, kwa hiyo ujuzi haukukatika. Sisi bado hatujapata mwaka wetu wa 1874.

Chama hakihitaji bwana mwenye ardhi wala kitabu cha namba. Kinaweza kuanza na watoto 4, mpigaji mmoja mzee, na wazee wa kanisa walio tayari kurudisha ufunguo. Likizo iliyopita niliketi na Babu na kuandika mapigo yake kwenye daftari: vistari kwa mapigo, nafasi kwa vituo, kama Waingereza wanavyoandika mistari yao. Tulipata ishara 7. Yeye anasema ziko 9, na mbili amezisahau kwa sababu hajazipiga siku nyingi.